Saa za Mtu Mzima: Sera ya Elimu ya Kujiendeleza Ianzie Wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni mjumbe wa kamati ya elimu katika serikali ya mitaa. Mara mbili sasa tumefungua madarasa ya watu wazima. Watu hujiandikisha kwa wingi na uzinduzi hufana, lakini baada ya miezi mitatu darasa hubaki na watu wachache. Baadhi ya wenzangu wanasema wananchi hawana mwamko, na kwamba fedha hizo zingepelekwa kwenye shule za watoto. Tumeombwa kutoa maoni kuhusu sera mpya ya elimu ya watu wazima na ya kujiendeleza. Tupendekeze nini, na tuanzie wapi ikiwa fedha ni kidogo? Je, simu za mkononi haziwezi kuchukua nafasi ya madarasa?

Jibu la mtaalamu:

Ndugu Mjumbe,

Dai la wenzako kwamba wananchi hawana mwamko linapingwa na maelezo yako mwenyewe, kwa kuwa asiye na mwamko hajiandikishi. Watu walifika, wakaandika majina yao au wakaandikiwa, wakakaa kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kisha wakaanza kupungua mmoja mmoja. Kwa uzoefu wangu, kinachowapungukia watu hao huwa ni muda zaidi kuliko hamu. Mtoto amepewa asubuhi yake yote ili asome, na wazazi, sheria na jamii nzima wanamlindia asubuhi hiyo. Mtu mzima hana saa isiyokuwa na mdai. Saa moja na nusu anayokaa darasani ameitoa kwenye kibarua, kwenye biashara yake, kwa mgonjwa anayemuuguza au kwa watoto wanaomsubiri, na hakuna kifungu cha bajeti kinachomfidia. Serikali hulipia chumba, vitabu na posho ya mwezeshaji, kisha gharama kubwa kuliko zote, yaani muda wa mwanafunzi, huachwa ibebwe na mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote waliomo katika mpango huo. Ndiyo maana nashauri sera yenu ijibu kwanza maswali mawili: mtu mzima atapataje saa za kusoma, na atakitumia wapi kile alichosoma.

Kabla ya kuandika pendekezo lolote, omba madaftari ya mahudhurio ya madarasa yale mawili uyasome mstari kwa mstari. Jumla ya mwisho haitakusaidia sana. Tafuta wiki ambayo majina yalianza kukatika, uilinganishe na kalenda ya kazi za watu wale: je, ulikuwa msimu wa kupanda au wa mavuno, au kipindi ambacho shule zimefungwa na watoto wako nyumbani? Tazama wanawake waliacha lini na wanaume waliacha lini. Utakuta kwamba mdondoko una sababu zinazosomeka. Wanawake wakianza kukosekana pale kipindi kilipohamishwa kutoka alasiri hadi usiku, ulizia usalama wa njia na nani anabaki na watoto. Wakitoweka vibarua wa ujenzi kwa mkupuo, ulizia ni lini waajiri wao waliongeza saa za kazi. Na ikiwa waliotangulia kuondoka ni wenye umri mkubwa, ulizia macho yao.

Suala la macho nalitaja kwa msisitizo kwa sababu limesahauliwa mno. Kuanzia miaka arobaini hivi, macho ya karibu kila binadamu huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Mama wa miaka hamsini anafungua kitabu cha kisomo, anakisogeza mbali mpaka mkono unafika mwisho, anakielekeza dirishani apate mwanga zaidi, na bado herufi hazitulii. Yeye haoni kwamba tatizo ni macho. Anajiambia kuwa kichwa chake kimezeeka, na wiki ya tatu harudi. Mwezeshaji anaandika kwenye daftari kwamba ameacha. Miwani ya kusomea ni miongoni mwa vitu vya gharama ndogo kabisa ambavyo darasa la watu wazima linaweza kununua, na upimaji wa macho siku ya uandikishaji unahitaji chati moja na mtu aliyeelekezwa kuitumia. Hata hivyo ni nadra kukuta kifungu cha miwani katika bajeti ya elimu ya watu wazima. Kama kamati yenu itaweza kupendekeza jambo moja tu lenye gharama ndogo, ningependa liwe hilo.

Kuhusu muda wa walioajiriwa, ziko sheria za kujifunza kutoka kwazo. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, unaozitaka nchi zilizouridhia ziwe na sera ya kumwezesha mfanyakazi kusoma ndani ya saa za kazi huku akiendelea kulipwa. Mwaka huohuo Sweden ilitunga sheria inayompa mfanyakazi haki ya kupewa ruhusa ya kwenda masomoni na kurudi kwenye kazi yake. Nchini Ujerumani majimbo mengi yana sheria ya likizo ya masomo yenye malipo, ambayo kwa kawaida ni siku tano kwa mwaka, lakini wanaoitumia ni sehemu ndogo sana ya wanaostahili. Sababu haiko mbali: mwenye ajira isiyo na uhakika anaogopa kuiomba, na katika karakana ndogo hakuna wa kumshikia nafasi. Kwa hiyo haki iliyoandikwa bila utaratibu wa kumsaidia mwajiri mdogo kuziba pengo huishia kunufaisha watumishi wa taasisi kubwa. Mfano ninaouona kuwa wa maana zaidi ni wa Singapore. Mwaka 2015 nchi hiyo ilianzisha mpango wa SkillsFuture, ambao uliwapa raia wenye umri wa miaka 25 na zaidi salio la kulipia kozi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, iliongeza posho ya kila mwezi kwa wenye miaka 40 na zaidi wanaochukua kozi za muda wote, ikikokotolewa kutokana na kipato walichokuwa nacho. Serikali iliyokuwa tayari inalipia ada iliona haja ya kulipia na muda.

Lakini wengi wa watu unaowafikiria wewe, nadhani, hawana mwajiri wa kuombwa likizo. Hao hujiajiri, hulima au hufanya kazi za siku, na sheria ya kazi haiwagusi. Kwao muda hupatikana kwa njia za kawaida zaidi ambazo sera inaweza kuziamuru: ratiba ipangwe na wanafunzi wenyewe kabla mwezeshaji hajaajiriwa, mapumziko ya msimu wa kazi nyingi yaandikwe kwenye ratiba pamoja na tarehe ya kurudi, ili asiyekuja asihesabiwe kuwa ameshindwa, masomo yagawanywe katika vipindi vifupi vya wiki sita au nane, kila kimoja kikiwa na kitu kamili ambacho mtu ameweza kukifanya, na mlezi wa watoto alipwe na aandikwe kama mtumishi wa darasa. Hili la mwisho hupuuzwa kwa kuonekana jambo la pembeni. Weka mlezi katika chumba cha jirani, mwenye mkeka, maji na vitu vya kuchezea, kisha usome tena daftari la mahudhurio ya wanawake baada ya mwezi mmoja.

Utaulizwa pia kama inafaa kumlipa mwanafunzi fedha taslimu kwa kila siku anayohudhuria. Kwa madarasa ya jioni ya aina yenu nisingelianza nalo. Fedha inayolipwa kwa kila sahihi ya mahudhurio huzaa sahihi za uongo, na mwezeshaji hujikuta akilinda daftari badala ya kufundisha. Gharama ya malezi, nauli na miwani humwondolea mtu kizuizi halisi, nayo haimshawishi mtu yeyote kuandika jina la jirani asiyekuwapo. Posho ya kufidia kipato ni ya kozi ndefu za ufundi, ambako mtu analazimika kuacha kazi kabisa kwa miezi kadhaa.

Swali la pili, la mtu kutumia alichosoma, ndilo lililozishinda kampeni nyingi kubwa. Kuba ilitangaza mwaka 1961 kuwa mwaka wa elimu, na katika mwaka huo mmoja zaidi ya watu 700,000 walifundishwa kusoma na kuandika. Ila wahusika wake hawakuishia hapo, walifuatisha masomo ya kuwaendeleza wale wahitimu mpaka kiwango cha elimu ya msingi. Tanzania nayo ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilipunguza sana idadi ya wasiojua kusoma na kuandika katika kipindi cha miaka michache. Katikati ya kampeni hiyo, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo ilikusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya majirani waliosikiliza redio pamoja, wakasoma kitini, wakajadili, kisha wakaamua cha kufanya, kama vile kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yanayozaa mbu. Angalia jinsi ilivyopunguza gharama ya muda: hakuna aliyesafiri kwenda popote, kikundi kilikutana pale watu walipoishi, na faida ilionekana kwa macho kabla kampeni haijaisha. Magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji vilianzishwa ili wahitimu wa kisomo wasikose cha kusoma. Msukumo na fedha vilipopungua katika miaka ya baadaye, mafanikio nayo yalianza kurudi nyuma, kwa kuwa mtu aliyejifunza herufi bila kupata maandishi ya kusoma kila wiki huzisahau.

Kwa sababu hiyo usikubali takwimu za waliohitimu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa kisomo nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2007, uliwapima watu kwa majaribio badala ya kuwauliza kama wanajua kusoma, ukaonyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walifikia kiwango cha chini kinachohitajika cha kisomo, na asilimia 29.6 tu ndio waliofikia kiwango cha umahiri kilichotarajiwa. Umbali uliopo kati ya tarakimu hizo mbili ni watu wanaoweza kutaja maneno ya kwenye ubao lakini hawawezi kufuata maelekezo ya dawa au kuelewa masharti ya mkopo wanaoutia sahihi. Hao ndio wanaohitaji daraja la pili la masomo, ambalo karibu kila mara hukosa fedha kwa kuwa kwenye ripoti wameshahesabiwa kuwa wamekwisha kusoma.

Ieleweke vilevile kwamba manufaa ya kisomo yaamuliwe na anayesoma. Kati ya mwaka 1967 na 1973 UNESCO iliendesha mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika nchi 11, ambao uliambatanisha kusoma na uzalishaji mashambani na viwandani. Wazo lilikuwa zuri kwa namna yake, lakini tathmini iliyochapishwa mwaka 1976 iliukosoa kwa kumtazama mtu zaidi kama mzalishaji, na kuyaacha mambo mengine ya maisha yake. Watu wengine huja darasani ili wasome maandiko ya dini yao, wengine wafuatilie daftari la mtoto, wengine waache kuweka dole gumba mbele ya karani. Darasa linaloanza kwa kuwauliza wanafunzi ni karatasi gani iliyowahi kuwadhalilisha, na kisha likasoma karatasi hiyohiyo, hupata somo lake la kwanza bila kusubiri kitabu kutoka wizarani.

Sasa niguse elimu ya kujiendeleza kwa maana yake pana, yaani kozi za ufundi, lugha, teknolojia na kubadili kazi, maana sera mpya huelekea kuvutwa upande huo. Hatari yake ni kwamba huwafuata waliokwisha kusoma. Tafiti za kimataifa za stadi za watu wazima zimeonyesha mara kwa mara kwamba mwenye elimu ya juu hushiriki mafunzo zaidi sana kuliko aliyeacha shule mapema, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilieleza kwamba katika karibu theluthi moja ya nchi, chini ya asilimia 5 ya watu wenye miaka 15 na zaidi hushiriki mpango wowote wa masomo. Fedha ikimwagwa bila masharti itachotwa na wanaojua kujaza fomu. Ufaransa imejaribu kurekebisha hilo katika akaunti zake binafsi za mafunzo, yaani fedha anazowekewa kila mtu ili alipie kozi, zilizoanza mwaka 2015, kwa kumpa asiye na cheti cha ngazi ya msingi ya ufundi euro 800 kwa mwaka pale mwingine anapopata 500. Hata hivyo akaunti hizo zilivamiwa na matapeli waliowapigia watu simu wakiwarubuni, hadi mwishoni mwa mwaka 2022 ikabidi itungwe sheria ya kupiga marufuku ushawishi wa namna hiyo. Uingereza ilikuwa imepita njia hiyo mapema: akaunti zake za masomo zilizoanza mwaka 2000 zilifungwa kwa ghafla Novemba 2001 kwa sababu ya udanganyifu, kwani karibu mtu yeyote aliweza kujisajili kuwa mtoa mafunzo. Kama sera yenu itazungumzia vocha au akaunti, sisitizeni usajili na ukaguzi wa watoa mafunzo kabla ya fedha ya kwanza kutoka, na mtenge fedha za washauri watakaowatembelea watu mahali walipo, kwa sababu anayehitaji mafunzo zaidi ndiye asiyejua kwamba yapo.

Njia mojawapo ya kumrudishia mtu mzima muda ni kutomfundisha anachokijua tayari. Fundi aliyerekebisha injini kwa miaka ishirini hahitaji kukaa miezi tisa akifundishwa majina ya vipuri. Anahitaji kupimwa, kuelezwa pengo lake liko wapi, na kupewa cheti kinachotambuliwa. Ufaransa ina utaratibu wa kisheria wa kuthibitisha ujuzi uliotokana na kazi tangu mwaka 2002, na Korea Kusini ilianzisha mwaka 1998 benki ya alama za masomo, ambapo mtu hukusanya alama kutoka mahali mbalimbali mpaka zitoshe shahada. Mambo haya huhitaji mamlaka ya taifa, si ya kamati yenu, lakini mnaweza kuyaandika kama ombi, na wakati huohuo mkawatambua mafundi wenu wasio na vyeti ili siku mlango ukifunguliwa majina yawe tayari.

Kuhusu wawezeshaji nitasema machache. Kufundisha watu wazima ni taaluma. Mwalimu hodari wa darasa la pili anaweza kumwaibisha baba wa miaka sitini bila kukusudia, kwa sauti tu. Posho inayocheleweshwa kwa miezi hufukuza wazuri na kubakisha wasio na pa kwenda. Heri madarasa manne yenye mwezeshaji aliyefunzwa na anayelipwa kwa wakati kuliko kumi ya kuonyesha siku ya uzinduzi.

Umeuliza kama simu za mkononi zinaweza kuchukua nafasi ya madarasa. Zinaweza kuchukua sehemu ya kazi yake, nayo ni sehemu ya maana: mazoezi mafupi ya sauti, ujumbe wa kusoma kila siku, hesabu ndogo ndogo, na kumfuatilia aliyekosa kipindi. Kwa kuwa simu iko mfukoni, inaokoa muda wa njia. Lakini mtu asiyejua kusoma hawezi kuanzia kwenye kioo kilichojaa maandishi; vifurushi vya intaneti vina gharama; na katika kaya nyingi duniani simu ni ya mume kabla ya kuwa ya mke. Zaidi ya hayo, watu wazima hubaki katika masomo kwa sababu wenzao watauliza walikuwa wapi. Redio ilifanya kazi katika Mtu ni Afya kwa kuwa kulikuwa na kikundi kilichoisikiliza pamoja, na simu nayo itafanya kazi vizuri zaidi ikiwa nyuma yake kuna kikundi kinachokutana hata mara moja kwa wiki.

Kwa wenzako wanaotaka fedha zote ziende kwenye shule za watoto, waambie kwamba duniani bado kuna watu wazima takriban milioni 750 wasiojua kusoma na kuandika, karibu theluthi mbili wakiwa wanawake, na kwamba wengi wao watalea, watafanya kazi na kupiga kura kwa miongo kadhaa ijayo. Uhusiano kati ya elimu ya mama na uhai na masomo ya watoto wake ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa zaidi katika utafiti wa maendeleo. Mzazi anayefuatilia daftari la mwanawe anaiongezea shule nguvu ambayo bajeti ya shule haiwezi kuinunua. Kwa hiyo sioni bajeti hizi mbili kuwa za kunyang'anyana, ingawa najua kikaoni huwekwa hivyo.

Kwa maoni yenu ya maandishi, basi, ombeni mambo yanayoweza kukaguliwa. Kila darasa liripoti saa zilizohudhuriwa na wiki ambayo kila aliyeacha aliacha, badala ya idadi ya walioandikishwa. Wahitimu wapimwe tena baada ya mwaka mmoja kwa jaribio fupi la kusoma kitu cha maisha yao. Kiwepo kifungu cha bajeti chenye jina lake kwa ajili ya malezi ya watoto, nauli na miwani, kisichoweza kuhamishiwa kwenye semina. Idara za afya, kilimo, kazi na elimu, ambazo kila moja huwa na mafunzo yake ya watu wazima bila kuwasiliana, zikutanishwe katika ratiba moja, ili mtu yuleyule asiitwe sehemu tatu kwa wiki moja. Na kama fedha zilizopo zinatosha madarasa mawili tu, fungueni mawili, pale ambapo madaftari ya zamani yanaonyesha watu walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka. Wapelekeeni ujumbe wale walioondoka, mmoja mmoja kwa majina yao, mkiwauliza ni saa ngapi wangeweza kuja.